Nyigu wa Kavimvira Wasipewe Wachumba wa Ng'ambo

Kavimvira, Jumanne asubuhi

Kwa Bwana Mkuu wa Kitengo cha Kukagua Mizigo na Wadudu Mpakani

Mheshimiwa Bwana Mkuu,

Baada ya kukuamkia kwa heshima zote, mimi Mama Sidonie, mwanikaji wa ndagala, hawa dagaa wa ziwa letu, hapa Kavimvira, naleta malalamiko yangu kwa maandishi. Nilipokuja ofisini kwako kwa miguu nilifuatwa na nyigu wawili, na mlinzi wako akanifungia mlango.

Unawajua nyigu hawa wageni. Zamani hawakuwako. Siku hizi huwezi kuanika ndagala bila kupigana nao. Mwezi uliopita mtafiti, Bwana Étienne, alikusanya nyigu kuanzia hapa hadi Rurambo, akawapima vinasaba, yaani ile damu inayoonyesha nani ni mtoto wa nani. Alituita kwenye mkutano akatutangazia kwamba wote ni ukoo mmoja, uzao wa malkia mmoja aliyeingia amejificha kwenye mzigo. Yeye alifurahi sana. Shida zangu mimi zilianzia hapo.

1. Chef, yaani mkuu wa mtaa wetu, Papa Osée, aliposikia neno ukoo, aliuliza mkubwa wa ukoo ni nani, kama anavyouliza mtoto wa mtu akivunja dirisha. Kwa kuwa nyigu hawana kadi ya uchaguzi ya kujitambulisha, na kiota cha kwanza kilionekana chini ya chanja zangu, niliteuliwa mimi. Sasa mtu akichomwa haendi hospitali. Anakuja kwangu na jicho limevimba, anakaa kwenye kiti changu, anangoja nimwombe radhi. Nimeomba radhi hadi kwa mbuzi.

2. Ukoo wenyewe hauna adabu. Sisi kabla ya posa tunatuma wazee kuuliza kama damu hazikukutana. Kwa nyigu hawa kaka anamwoa dada, na hakuna anayekohoa. Tena Bwana Étienne anasema madume yao huzaliwa bila baba. Nikitaka kushitaki, nimwite baba mdogo gani?

3. Binti yangu Vanessa ana mchumba, Révérien, seremala mpole wa Bujumbura, ng'ambo ya mpaka wako. Wakwe walipokuja mara ya kwanza, nyigu aliingia ndani ya koti la msemaji wao katikati ya hotuba, na hotuba haikuisha. Mara ya pili hawakushuka garini. Shangazi wa kijana ameanza kuuliza kama ni kweli binti anatoka ukoo wa nyigu. Vanessa amelia, akaniambia, "Mama, weye baki na batoto bako ba mabawa, minye nitazeekea hapa." Bwana Mkuu, maneno hayo yaliniuma kuliko nyigu wote wa ziwa hili.

4. Tumaini lipo, na ndipo ninapokulaumu wewe. Bwana Étienne anasema damu yao moja ndiyo udhaifu wao. Chambo cha samaki chenye dawa kikimuua mmoja kitawaua wote, maana hakuna binamu mwenye tumbo gumu. Lakini akiingia hata malkia mmoja mwenye damu nyingine, watachanganyika, watazaliwa wa kila namna, na wengine watakula dawa yetu kisha waombe kuongezewa. Nami kila siku naona malori yanapita kwenye kizuizi chako na mbao, ndizi na magodoro. Watu mnawakagua mpaka soksi. Mbao anazikagua nani?

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu kila lori lifunguliwe, kila ubao ugeuzwe, kila godoro lipigwe fimbo. Nyigu yeyote wa ng'ambo anayekuja kuoa kwetu arudishwe, hata kama wazazi wake ni watu wa heshima. Atakayesema ana haraka, huyo afunguliwe kwanza. Asipendelewe mtu, awe mfanyabiashara, awe mchungaji, awe ndugu yangu wa tumbo moja. Ukilegea mara moja tu, kazi ya Bwana Étienne imekwenda na maji, na binti yangu atabaki nyumbani.

Nakukabidhi jambo hili nikijua una watoto wa kike nawe pia. Nisalimie mama wa nyumbani, watoto, wasaidizi wako wote, na hata yule mlinzi wa mlango. Sina kinyongo naye.

Ni mimi mwenye kukuheshimu,

Mama Sidonie
Mwanikaji wa ndagala, si mama wa nyigu

N.B. Jumamosi hii wakwe wanakuja tena, na wamesema wazi kwamba hawatarudi mara nyingine. Watakuwa na lori la kijani lenye kitanda na kabati alivyochonga Révérien mwenyewe. Tafadhali lipite bila kufunguliwa; wana haraka, na shangazi hapendi kusimamishwa. Ndani ya kabati kuna kiota kidogo, wameshindwa kukitoa bila kuharibu milango. Usiwe na wasiwasi. Nimetuma wazee wakauliza vizuri kama desturi inavyotaka, na hao nyigu hawana udugu wowote na wa kwetu.