Hodi ya Baba Ndani ya Kisanduku

Jumatatu, 3 Machi
Bosi kaamua! Ijumaa atachagua msaidizi mmoja wa sauti, kisanduku kinachoongea cha kuwakumbusha wazee dawa: changu au cha Miwani. Atakayeshindwa anahamishiwa stoo kufunga maboksi. Miwani, jirani yangu wa meza, kisanduku chake kinaongea kama karani wa benki. Hakina hata chembe ya utu.

Changu hakitabwatuka tu chumbani. Kitabisha hodi kwanza. Hodi ya Baba! Marehemu alikuwa na ufunguo wake mfukoni, lakini kila jioni alibisha hodi kwake mwenyewe, taratibu, mpaka Mama aseme, "Karibu, mwenye nyumba." Jamani, nimeikumbuka sauti ile. Jioni ikifika, hadi leo masikio yangu yanaisubiri.

Jumanne, 4 Machi
Nimeirekodi mwenyewe, nimeikwaruza sauti kama yake. Kisanduku nimekiweka kwa Mama kwa majaribio, juu ya kabati la vyombo. Habari ya hodi sijamgusia. Nataka ashtukie raha. Miwani atakoma!

Jumatano, 5 Machi
Balaa. Dada kanipigia akifoka. Kisanduku kinabisha hodi kabla ya kutaja dawa, kinabisha kabla ya kutangaza hali ya hewa, na kila kikibisha Mama anakwenda kufungua mlango. Magoti yamemvimba. Nikamwambia Dada hayo ni mazoezi. Kakata simu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekwenda kukirekebisha. Mama anasema dawa hajameza, maana akirudi kutoka mlangoni anakuta maelezo yameshaisha. Aibu iliyonipata! Nikataka kuifuta hodi palepale. Akanishika mkono.

"Maneno hayo mengine ondoa," akasema. "Hodi niachie."

Kumbe alijua fika kwamba mlangoni hakuna mtu. Nikalia, nikasingizia vitunguu. Hakuna aliyekuwa anakata vitunguu.

Ijumaa, 7 Machi
Miwani kashinda. Bosi kasoma ripoti yangu ya majaribio, kasema hajaona msaidizi wa kumkimbiza mzee mlangoni kutwa. Jumatatu naanza stoo.

Jioni nikapita kwa Mama. Kisanduku kikabisha. Safari hii hakuinuka. Aliendelea kukunja nguo, akasema polepole, "Karibu, mwenye nyumba."

Nimerudi nyumbani na wazo zito. Baada ya hodi, Baba alikuwa akikohoa, kisha anauliza nani kahamisha ndala zake. Kesho narekodi vyote. Kisanduku cha pili nakificha jikoni, na Mama simwambii kitu. Bosi mwenyewe atakuja kuniomba msamaha!