Mtaa Usio na Muuguzi

Redio ya Maman Musoki ilitangaza, kati ya nyimbo mbili, kwamba safari hii wakubwa hawatapanga peke yao idadi ya madaktari na wauguzi wa Ituri. Watafiti watapita mitaani kuwauliza wananchi wenyewe: mnao wangapi, na mtahitaji wangapi ifikapo mwaka 2040. Maman Musoki akapunguza sauti, akatumiminia kahawa, nami nikajua leo hakuna atakayefanya kazi.

Kwenye benchi lake tulikuwa wanne. Procureur, yaani mzee Tharcisse, aliwahi kulinda lango la forodha kule Aru na tangu hapo anahoji kila mtu kama mwendesha mashtaka. Turbo, yaani Blanchard, anaendesha pikipiki ambayo mbuzi wameizoea, hawaipishi tena. Matricule ni Fiacre. Mke wake, Dorothée, ni muuguzi wa kituo chetu cha afya, mwaka wa kumi na moja sasa, bila ile namba ya kazi tunayoiita matricule, na bila namba hakuna mshahara. Fiacre hana habari nyingine ya kusimulia. Wa nne ni mimi, niliyekuja kunywa tu.

"2040?" Procureur akaguna. "Miye niko na miaka sabini na mbili. Mu 2040 nitakuwa kwa kaburi, sitagonjwa tena."

"Njo bakutumie munganga wa makaburi," akasema Turbo, maana kwetu daktari ni munganga.

"Baandike wawili," Maman Musoki akadakia. "Wa kwanza anaweza kuchelewa."

Fiacre hakucheka. "Siye tunaomba kitu moja. Bamuone bibi yangu. Anazalisha bamama, anapiga batoto vaccin, hata mbuzi ya pasteri alizalisha. Kwa liste ya bakubwa jina yake haiko."

"Tulia," Procureur akamwambia. "Enquête iko na sheria yake."

Hapa lazima nieleze enquête, yaani huko kuhojiwa na watafiti, maana mgeni hawezi kujua. Sisi watu wa Bunia tumehojiwa kuhusu vyoo, neti, sabuni, maharage, na siku moja kuhusu jinsi tunavyojisikia tukihojiwa. Tumekuwa mafundi. Aliyesema ana choo alipewa pongezi. Aliyesema hana alipewa choo. Turbo sasa anavyo vitatu, na viwili anahifadhia mahindi. Kwa hiyo sheria ya benchi letu ni moja: mbele ya karatasi, hatuna kitu.

Kabla kahawa haijapoa, akashuka kwenye moto, yaani pikipiki, dada mmoja mwenye kizibao cha kazi na simu kubwa kama sinia. Alijitaja kuwa Falone, mtafiti. Alikuwa na heshima zote, maskini.

"Bapapa, mu quartier yenu kuko banganga ngapi?" akauliza, akiuonyesha mtaa kwa mkono.

"Hakuna," akasema Procureur.

"Na ba-infirmiers?" akahamia kwa wauguzi.

"Zéro," akasema Turbo.

Maman Musoki akakohoa. "Lakini kuko..."

"Maman, weye uza kahawa," Procureur akamkata.

Falone akatutazama mmoja mmoja. "Hata mumoja? Hata ule anatumika kazi bure?"

Swali lilimwangukia Fiacre. Nilimwona akifungua mdomo, nikadhani atamtaja. Lakini mazoea ni mazoea.

"Mama," akasema kwa huzuni ya kitaalamu, "hata harufu."

"Sasa mutu akigonjwa, anaenda wapi?"

"Anabakiaka vile," akasema Turbo, na kuficha nyuma ya mgongo mkono wake wenye bandeji mpya, nyeupe pe.

"Nani alikufunga hiyo mukono?"

"Inajifungaka yenyewe."

Falone akaandika hilo pia. Alipouliza mahitaji ya 2040, benchi likafunguka. Procureur alitaka munganga mmoja kwa kila nyumba na wa pili wa kumchunga wa kwanza. Turbo aliomba wa pikipiki, kwa sababu ikiugua yeye naye anaugua. Fiacre aliomba wauguzi ishirini, wote na matricule. Kisha tukatia sahihi kwa kidole kwenye kioo cha simu yake kama mashahidi wa mtaa, Fiacre wa kwanza, kwa mwandiko mkubwa. Falone akabonyeza, akasema imeenda, akapanda moto, akaelekea mtaa wa pili.

Muda si mrefu Dorothée alifika na blauzi yake nyeupe na mashine ya kupima presha. Kila Jumanne humpima Procureur hapo hapo kwenye benchi, bure.

"Mwenye enquête alipita?" akauliza. "Batu kama miye hatuna ruhusa ya kujitaja. Bananchi njo wanatutaja, na ule banataja, jina yake inaingia kwa liste. Miaka kumi na moja nangojea iyo swali. Muliniandika?"

Kila mtu akachungulia kikombe chake.

"Balisema hata harufu," Maman Musoki akajibu.

"Nani alisema?"

"Bwana yako."

Dorothée akaketi polepole. Niliona aibu, nasema wazi, maana sahihi yangu nayo ilikuwemo. Fiacre akasimama, akavua kandambili, akaondoka mbio bila kuaga. Turbo akaanza kuipiga pikipiki yake teke, nayo ikawa inafikiria.

Procureur alikuwa tayari amekunja mkono wa shati, kwa mazoea. Dorothée akamfunga mashine, akapampu, akasoma. Akasoma tena. Kisha akaifungua na kuirudisha mfukoni.

"Iko ngapi?" mzee akauliza.

"Sijui, muzee. Mu quartier hii hakuna mutu wa kusoma hii kitu."

"Dorothée, mutoto yangu. Iko juu?"

"Ungojee 2040."

Procureur akajipapasa kifua, akanyanyuka na kurukia pikipiki ya Turbo, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imekubali kuwaka. Wakaondoka wote wawili wakimkimbiza Fiacre, wakazidi kuachwa. Kutoka kona ya mbali tulimsikia Fiacre akimwita Falone kwa sauti iliyofanya mtaa mzima utoke kuangalia:

"Iko mumoja! Mama, rudia huku! Iko mumoja, na ni bibi yangu!"

Dorothée akaomba kahawa, bila sukari.