Senene wa Bibi Harusi Walioliwa na Timu ya Kikapu

Nyanga,
Bukoba.
Novemba, msimu wa senene.

Kwa Mwalimu Maige,
Kocha wa Mpira wa Kikapu,
Chuo cha Ualimu Kyamwani,
Bukoba.

YAH: KUOMBA KURUDISHIWA MUME WANGU JUMAMOSI HII, AU TIMU NZIMA IJE UKWENI

Mheshimiwa Mwalimu,

Pokea salamu za mwanamke mwenye furaha. Naanza na hilo la furaha ili usije ukafikiri unaandikiwa na mtu mwenye ndoa mbaya. Niliolewa mwezi wa tisa katika kanisa la Kashozi na mwanafunzi wako Audax, yule mrefu wa mwaka wa pili anayeanza kucheka kwa macho kabla ya mdomo. Wewe unamjua kwa ulinzi wake uwanjani. Mimi namjua kwa mengine, na sitayaandika hapa kwa kuwa barua za chuo hufunguliwa ofisini.

Masomo siyalalamikii. Nilimaliza kidato cha nne na elimu naiheshimu, ingawa cherehani ndiyo iliyonipokea. Saikolojia ya elimu imchukue Audax wangu hata wiki nzima, nitamsubiri na chai ikiwa ya moto. Ninachokilalamikia ni mpira wa kikapu, na mwenye mpira huo ni wewe. Naomba unisikilize kwa utaratibu, maana nimeyaweka kwa namba kama tulivyofundishwa.

1. Harusi yangu. Wachezaji wenzake walisimama pande mbili za mlango wa kanisa wakiwa wameinua mikono, nasi tukapita chini yake. Lilikuwa jambo zuri na nililia. Lakini wakati wa kukata keki, nahodha wao Mwijage, ambaye ndiye aliyemsimamia bwana harusi, alichukua kipaza sauti akatangaza kwamba robo ya kwanza imekwisha na bwana harusi anaongoza. Ukoo wangu wa Muleba haukuelewa. Shangazi zangu waliulizana anaongoza dhidi ya nani. Mpaka leo hawajajibiwa, na mmoja wao bado ananitazama kwa huruma.

2. Fungate yetu. Tulikwenda kisiwani Bumbire kwa shangazi Petronila, mfanyabiashara wa dagaa, ambaye alitupa chumba chenye dirisha la kutazama ziwa. Nilikuwa nimejiandaa kutembea ufukweni tumeshikana mikono. Tulitembea, sikatai. Asubuhi ya kwanza tulipofika kwenye vichanja vya dagaa, Audax aliona tenga bovu lisilo na kitako. Akasimama. Akanitazama kama mtu aliyeokota dhahabu. Kabla ya mchana tenga lilikuwa limepigiliwa juu ya nguzo, na wavuvi waliotoka Ukerewe na Mara kutafuta riziki walikuwa wanajifunza kumzuia mtu bila kumgusa. Shangazi alikuja kuuliza kwa nini dagaa hawajageuzwa juani. Alipoona, akaniambia taratibu, "Kemilembe, mwanangu, mume umepata. Ila mwulize kama na yeye anajua kwamba amepata mke." Nilimwuliza Audax usiku ule. Alijibu vizuri sana, na kwa hiyo dai hili nalipunguza makali.

3. Maisha ya chuoni. Mimi nilidhani chuo ni madarasa, maktaba na foleni ya bwaloni. Kumbe kuna hafla ya kuwakaribisha mwaka wa kwanza, hafla ya kuwaaga wanaokwenda mazoezi ya kufundisha, hafla ya kuwapokea wakirudi, sherehe ya kuzaliwa nahodha, na majuzi pilau la kumpongeza mchezaji aliyepona kifundo cha mguu. Mwalimu, kifundo cha mguu. Kwenye hafla zote hizo Audax hawezi kukosa, kwa kuwa wanamwita Waziri wa Ulinzi, na waziri akikosa watu wanauliza kama serikali imeanguka. Kuna binti anaitwa Salma, kiongozi wa washangiliaji, aliyeandika kwenye kundi la simu, "Waziri, kesho ule vizuri, taifa linakutegemea." Mimi sina wivu. Nimeitazama picha ya Salma kwa nia njema kabisa, nikaona ni binti mwenye sauti kubwa na moyo safi. Ila napenda ifahamike chuoni kote kwamba waziri huyo ana mtu wa kumwambia ale, na ndiye aliyemenya ndizi.

4. Nyumbani kwangu. Hatuna uwanja, tuna chumba na sebule. Soksi zinakwenda kwenye beseni kwa kurushwa kutoka mlangoni. Madonge yangu ya uzi yanazunguka hewani juu ya cherehani yangu. Jioni naombwa nisimame na ufagio nimeuinua, niwe mlinzi mrefu wa timu pinzani, ili apate kujifunza kurusha juu ya mikono ya mtu. Jirani yetu Anatolia alichungulia dirishani akaona omugole, yaani bibi harusi mpya, amesimama katikati ya sebule na ufagio juu, anaruka. Akaenda kumwambia mama mkwe wangu kwamba tunagombana. Mama mkwe alikuja mbio na majani ya dawa. Ilibidi Audax amwonyeshe, na mama mkwe naye akashika ufagio. Ana mikono mirefu kuliko mimi. Sasa huja kila Jumanne.

5. Senene wangu. Hapa, Mwalimu, ndipo penye kidonda.

Najua wewe ni mtu wa Shinyanga, na mambo ya Kihaya hukuzaliwa nayo, kwa hiyo nitakueleza polepole. Nyumbani kwetu mama alinifunza kwamba senene wa kwanza wa mke mpya si kitafunwa. Nilikwenda kuwakamata panzi hao mwenyewe kwenye taa za barabarani pamoja na wanawake wa mtaa. Niliwanyonyoa mbawa na miguu mpaka vidole vikafa ganzi, nikawakaanga kwa kitunguu na chumvi, nikawafunga katika jani la mgomba lililopitishwa motoni. Fungu hilo ni la mume. Anaonja, anawapa wakubwa wa upande wake waonje, kisha anamletea mke nguo mpya kumshukuru. Wale waliokula wanakuwa wamempokea mke huyo. Hawezi tena mtu kati yao kusema hamjui.

Audax aliondoka nyumbani na fungu lile Jumamosi iliyopita, akiwa na nia ya kulipeleka kwa baba zake wadogo baada ya nusu fainali. Nia yake siitilii shaka. Lakini wakati wa mapumziko mlikuwa mmepitwa kwa pointi nyingi, vijana wamekaa chini vichwa vimeinama, na yeye, kwa moyo wake ule ambao ndio ulioniponza na mimi, akafungua jani. Nimesimuliwa na Mwijage mwenyewe kwamba wa kwanza kutia mkono ulikuwa wewe, ukisema, "Hizi karanga za wapi?" Ulipoambiwa si karanga ulitia mkono tena. Timu nzima ikala. Mkarudi uwanjani mkashinda.

Nimefurahi kwamba mlishinda. Ila Jumapili simu yangu ilijaa ujumbe wa vijana nisiowajua, wote wakiniita shemeji na kuuliza kama senene wa fainali wapo.

6. Jumamosi hii. Fainali yenu iko saa tisa alasiri, hapo chuoni. Saa hiyo hiyo, kule Muleba, baba yangu Ta Rweyemamu anatungoja mimi na Audax turudi nyumbani mara ya kwanza tangu harusi. Mbuzi amefungwa nyuma ya nyumba, rubisi, pombe yetu ya ndizi, inachacha, shangazi wale wa keki wamekwisha kualikwa. Baba hajawahi kubadili siku aliyoitamka. Siku ya kujitambulisha, Audax alifika amechelewa, na suruali ya mazoezi, na baba akasema mbele ya watu, "Kijana mrefu hivi anashindwaje kuiona saa iliyo ukutani?" Watu walicheka, lakini baba hakucheka. Tangu siku hiyo anampima. Asipofika Jumamosi, shangazi watasema binti ameolewa na kivuli, na baba hatasema lolote, jambo ambalo kwetu ni baya zaidi. Mimi nawapenda wote wawili, Mwalimu. Nataka siku moja nimwone baba anamtilia Audax rubisi kwa mkono wake mwenyewe. Hicho tu ndicho ninachokitafuta katika barua hii yote.

Sasa tazama mambo yanavyojipanga. Kama mlikula senene wangu, basi mlinipokea. Kama mlinipokea, ninyi ni upande wa mume. Kama ni upande wa mume, wajibu wenu ni kumsindikiza ukweni. Na kwa kuwa wewe ndiwe mkubwa wao na ndiwe uliyetia mkono wa kwanza, hapana ubishi kwamba wewe ndiwe baba yake mdogo, na utatangulia mbele, na utaongea kwa niaba ya ukoo. Kihaya si lazima. Sema "waitu" kwa heshima kila mwisho wa sentensi, watakuelewa.

Hivyo naomba mojawapo ya haya matatu:

(a) Umwachie Audax Jumamosi, aje ukweni, mcheze bila yeye.

(b) Kama haiwezekani kucheza bila yeye, jambo ambalo mimi binafsi ningelielewa kwa sababu nimemwona akizuia, basi timu yote ije Muleba na fainali iahirishwe. Kuhusu nguo yangu ya senene, kila mlaji aje na kitenge chake. Msilete rangi moja wote.

(c) Kama fainali haiahirishiki, ihamishiwe Muleba. Baba ana uwanja wa kuanikia kahawa, uliosakafiwa vizuri, na kahawa yenyewe inaweza kusogezwa. Wapinzani wenu nao tutawapikia. Refa awe mtu asiyependa rubisi, au aionje baadaye.

Naamini nimeandika bila kumvunjia mtu heshima. Nisalimie mama watoto wako, msalimie Mwijage pamoja na huyo mwenye kifundo kilichopona, na Salma umwambie kwamba yule wa kumwambia waziri ale anamsalimu kwa upendo. Wapishi wa bwalo pia, maana walimlisha Audax kabla yangu na hawakumharibu.

Wako katika madai na katika shukrani,

Bi. Kemilembe Audax
(bado najifunza kuliandika jina hili, ndiyo maana wino umekolea)

Nyongeza, siku ya pili yake.

Mwalimu, barua hii ilikuwa haijatoka nyumbani. Niliiacha juu ya cherehani na Audax akaisoma. Hakukasirika. Alinibusu kwenye paji la uso, akasema nina haki, akampigia Mwijage akamwambia Jumamosi asipangwe. Akachukua viatu vyake vya mchezo, akavipangusa, akavisukuma chini ya kitanda.

Leo alirudi jua lingali juu. Alikaa jikoni na mimi kama nilivyotaka tangu harusi. Alimenya ndizi, akaosha sufuria. Soksi alizivua akaziweka kwenye beseni kwa mkono, moja, kisha ya pili. Nilimwuliza habari za chuo akasema nzuri. Nilichukua ufagio nikauinua juu mwenyewe, nikaruka. Akatabasamu, akasema, "Utachoka, mke wangu, kaa." Mwalimu, nilikaa, na sikujua mikono niiweke wapi.

Yule ninayempenda ni yule anayeingia mlangoni akinuka jasho, hajavua hata begi, anaanza kunieleza jinsi mpira ulivyozunguka juu ya chuma ukakataa kuingia, na mimi natia chumvi mara mbili kwa kumsikiliza. Huyu wa leo ni mtu mwema sana. Lakini si yeye niliyeolewa naye.

Kwa hiyo alipokwenda kuchota maji nilimpigia baba. Nilimwambia Jumamosi hatutakuja, tutakuja Jumapili baada ya misa, na kwamba kosa ni langu, si la mkwe wake. Ma Evodia, mama yangu, alikuwa karibu yake akiuliza nini, nini. Kisha baba akasema, "Mbuzi hana kalenda. Atangoja." Nikafikiri amemaliza. Akaongeza, "Mwambie huyo mtu wako, mimi rubisi siwatilii walioshindwa."

Basi madai yote, namba moja mpaka sita, nayafuta, pamoja na (a), (b) na (c). Vitenge nitaviacha kwenye dhamiri zenu. Mpange Audax, umpange tangu mwanzo, na wale wanaorusha kwa mkono wa kushoto uwaachie yeye, anawajua. Yeye hajui kwamba nimezungumza na baba. Naomba umwambie wewe, kesho mazoezini, mbele ya wenzake, kwa sauti ya kawaida, kama jambo dogo. Viatu nitavileta mimi mwenyewe. Nitasimama nyuma ya ukuta wa bwalo, penye migomba, pale ambapo mtu anaweza kuuona uso wa mchezaji bila yeye kumwona.