Malalamiko Kuhusu Kifuniko cha Jiko la Bwana Pomeroy

Mtaa wa Banksia,
Yarrandoo, New South Wales.

Kwa Mhariri,
Sauti ya Yarrandoo.

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wanaokusaidia kulitoa gazeti letu kila Alhamisi. Mimi si mtu wa kuandikia magazeti. Nimelisoma lako tangu lilipokuwa na kurasa nne, na makosa yake nimeyavumilia kimya, likiwamo la mwaka lilipotangaza kifo cha mtu ambaye jioni hiyohiyo alikuja ofisini kwenu kudai masahihisho. Lakini makala mliyoichapisha katika ukurasa wa nyumba na bustani, yenye kichwa "Namna ya Kuchagua Jiko Jipya la Kuchomea Nyama Uani", imeleta madhara mtaani kwetu, na ujirani hauniruhusu kunyamaza.

Mwandishi wenu alimshauri mnunuzi aangalie idadi ya plate, unene wa chuma, magurudumu, rafu ya pembeni, kipimajoto, wepesi wa kusafisha, muda wa dhamana, na kifuniko. Hakusema hata neno moja kuhusu wanaume watasimama wapi na watatazama nini. Ni kama kumfundisha mtu kuchagua kanisa kwa kukagua mabati yake.

Jirani yangu, Garth Pomeroy, fundi mstaafu wa mabomba, aliikata makala hiyo kwa mkasi na kuibandika kwenye mlango wa friji. Haikupita wiki alilibomoa jiko la matofali lililojengwa na marehemu baba yake, lenye bamba pana la chuma lililokuwa limekaa uani pale kabla ya mimi kuhamia mtaani. Mahali pake ameweka mtambo unaong'aa kama vyombo vya hospitali, wenye plate sita na kifuniko kizito, na mtambo huo unawasiliana na simu yake.

Ili uelewe uzito wa jambo hili, sina budi kueleza utaratibu uliovurugwa. Kila Jumapili mchana, isipokuwa siku za joto kali ambapo serikali hupiga marufuku moto wa nje, wanaume watatu walisimama kulizunguka bamba lile. Wa kwanza ni Garth mwenyewe, mwenye koleo la kugeuzia nyama. Wa pili ni mimi. Wa tatu ni Merrick Dunstan wa nyumba ya kona, ambaye mkewe, Coralie, alifariki mwezi wa Machi. Mke wa Garth, Lorna, pamoja na mke wangu, Nerida, walikuwa ndani wakitayarisha vitu tunavyoviita "vya pembeni", yaani chakula.

Sisi wanaume tulishika bia zetu na kutazama soseji. Hatukutazamana. Mwanamume wa Yarrandoo hamtazami mwenzake usoni isipokuwa anapotaka kumpiga au kununua gari lake. Na kwa sababu hatukutazamana, maneno yaliweza kutoka. Jumapili moja ya mwezi wa Agosti, Garth alivigeuza vitunguu na kusema, "Hivi vimeanza kuungua."

Merrick alivitazama kwa muda. "Coralie alivipenda hivyo," alisema. "Vikiwa vyeusi pembeni."

"Basi tuviache," Garth akasema.

Tukaviacha. Hayo yalikuwa maneno ya kwanza kuyasikia kutoka kwa Merrick kuhusu mkewe tangu mazishi. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikijihisi kama mtu aliyesaidia kuvuta gari lililokwama matopeni.

Hilo ndilo lililomo hatarini, Ndugu Mhariri. Jirani yetu alikuwa ameanza kusema, kisha kikaja kifuniko. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kifuniko hufungwa. Jumapili ya kwanza Garth aliipanga nyama, akakishusha, akajipangusa mikono. Tukabaki tumesimama watatu mbele ya sanduku la chuma, vichwa chini. Mpita njia angevua kofia akidhani ni mazishi. Nikanyoosha mkono ili nichungulie.

"Usifungue, bwana," Garth akaniambia. "Joto linatoka."

"Nataka kuona tu."

"Utaona kwenye simu."

Akanionyesha simu. Nimeona mengi katika umri wangu, mafuriko mawili na nzige, lakini sikuwa nimewahi kuonyeshwa soseji iliyogeuzwa kuwa namba.

2. Koleo limekosa kazi. Kila mwanamume wa hapa anayeshika koleo huzigonganisha ncha zake mara mbili hewani kabla ya kugusa nyama. Hakuna ajuaye sababu, na hakuna aliyewahi kuthubutu kuanza bila kufanya hivyo. Sasa koleo limetundikwa kwenye ndoano likiwa safi, na Garth anasimama mikono mitupu. Mtu mwenye mikono mitupu huitia mifukoni, na mtu aliyetia mikono mifukoni huanza kufikiria kwenda kwake.

3. Nyama haiungui. Bamba la zamani lilikuwa na upande mkali na pembe baridi, nasi tuligombania mipaka yake kama mataifa. Mtambo huu hauna kosa lolote, na penye ukamilifu mtu hana la kusema.

4. Nyama huiva upesi mno. Simu ililia kabla sijafika nusu ya bia yangu. Merrick akaiweka soseji yake kwenye slesi ya mkate, akaikunja.

"Basi, mimi niende," alisema.

"Mbona mapema, kaka?"

"Nyama imeiva, Alwyn."

Alizunguka pembe ya nyumba na hatukumwona tena. Jumapili iliyofuata alikuja, akakitazama kifuniko, akatusalimu, akazunguka pembe ileile. Jumapili iliyopita hakufika kabisa pale tulipo. Garth alisema labda ana mafua. Mimi nilisema labda. Kisha tukakitazama kifuniko mpaka simu ikalia.

5. Hapa natoka uani na kuingia katika mambo ya taifa. Mwezi wa Mei, daktari alimtuma Merrick mjini kwa mtaalamu wa mazungumzo ya huzuni. Alitusimulia habari hiyo mwenyewe, bamba likiwa bado lipo.

"Kulikuwa na viti viwili," alisema. "Vinaelekeana."

"Na yeye alikuwa anafanya nini?" Garth akauliza.

"Alikuwa ananitazama."

"Muda wote?"

"Muda wote, bwana. Na sanduku la karatasi za kufutia machozi kalisogeza karibu yangu kabla sijasema lolote."

Tulitikisa vichwa. Serikali inasomesha watu hao kwa miaka mingi, inawajengea ofisi, inawanunulia viti, na haikumjia mtu yeyote wazo la kuweka bamba la moto katikati na soseji sita juu yake. Mgonjwa angegeuza, mtaalamu angesogeza vitunguu, na kabla saa moja haijaisha mambo yote yangekwisha kusemwa bila mtu kuaibishwa.

Mke wangu hakubaliani nami, na haki inanitaka niandike hoja yake pia. "Wanaume watatu mnachunga soseji sita kama kundi la ng'ombe," aliniambia tukirudi nyumbani. "Kwani hamwezi kuketi mkaongea kama watu?"

Nilimjibu kwamba jambo hilo ndilo hasa lisilowezekana. Wanawake wamejaliwa kuzungumza bila vifaa. Wanaume tunahitaji vifaa.

"Basi nunueni mdomo," alisema, akaingia ndani.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, naomba kwa heshima yafuatayo yafanyike.

Kwanza, gazeti lako lichapishe masahihisho ya makala ile, kwa herufi zilezile na ukurasa uleule. Anayetaka kuchagua jiko jipya la uani asiende dukani peke yake na kipande cha gazeti. Aende na marafiki wawili, wasimame mbele ya jiko kwa muda wa kutosha, mikono ikiwa imeshika chochote. Kama mpaka duka linafungwa hakuna aliyemtaja baba yake, jiko hilo halifai, hata likiwa na plate kumi na mbili na dhamana ya maisha.

Pili, Halmashauri ya mji ipige marufuku majiko yenye vifuniko. Yale yaliyokwisha kuuzwa yakaguliwe nyumba kwa nyumba na vifuniko vyake vichomelewe vikiwa wazi. Nyumba zenye wajane wa kiume zipewe kipaumbele.

Tatu, mabamba ya moto yawekwe mahali pote ambapo watu wa hapa hulazimishwa kuelekeana: ofisi ya meneja wa benki, chumba cha mwalimu mkuu, mahakama ya talaka. Nimewajua wanandoa waliotengana baada ya miaka thelathini kwa sababu tu meza yao ya kulia ilikuwa nyembamba mno, wakawa hawana pengine pa kutazama.

Nne, Bunge. Wabunge wa Serikali na wa Upinzani wamepangwa uso kwa uso, jambo ambalo hapa Yarrandoo lingeitwa uchokozi, na matokeo yake tunayasikia redioni. Liwekwe bamba refu kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti cha Spika, lijazwe soseji na vitunguu, na Spika mwenyewe apewe koleo. Mbunge atakayetaka kusema aseme huku akigeuza. Nina hakika bajeti itapita kabla mkate haujakauka.

Tano, na hili ni la mwisho kwa kuwa ndilo dogo kuliko yote: kila mfiwa wa kiume apewe na serikali, siku ya pili baada ya mazishi, kilo mbili za soseji. Si za kula. Ni za kutazama, akiwa na wenzake, mpaka atakapoweza kusema jina la marehemu kwa sauti. Gharama yake haifikii ile ya viti vya mtaalamu mmoja.

Nayasema haya bila chuki kwa Garth Pomeroy, ambaye ni mtu mwema aliyepotoshwa na maandishi. Wala simwombei mwandishi wenu afukuzwe kazi. Inatosha ahamishiwe ukurasa wa mapazia.

Wasalimie wapiga chapa, msichana wa matangazo madogo aliyenisaidia kuuza mashine yangu ya kukatia nyasi, kijana wa matokeo ya kriketi, na mama yako, ambaye nasikia amepona nyonga. Nerida naye anawasalimu nyote, ingawa ameniomba niandike kwamba salamu zake zisichanganywe na hoja zangu.

Ni mimi, ambaye bado nipo kwenye nafasi yangu upande wa kushoto wa jiko,

Alwyn Tregear

Nyongeza. Nilimpa mke wangu barua hii anisaidie kuhakikisha anwani ya gazeti. Aliisoma yote, akavua miwani.

"Merrick hana mafua, mzee," alisema. "Yuko jikoni kwa Lorna kila Jumapili. Anatusaidia saladi."

"Tangu lini?"

"Tangu kifuniko. Anazunguka nyumba anaingia mlango wa nyuma. Nyinyi mmetupa mgongo, mnatazama chuma, mngemwonea wapi?"

Nikamuuliza kama huko ndani husema lolote.

"Hanyamazi. Jumapili hii katusimulia usiku wote ule wa hospitali, mpaka saa Coralie alipofumba macho. Lorna akamuuliza, mbona wenzako kule nje huwaambii? Unajua kajibu nini?"

Sikujua.

"Kasema hamjamuuliza kitu. Kasema miezi yote ile mlimwambia habari za mvua, na kwamba vitunguu vinaungua."

Nilikaa na barua hii mezani siku kadhaa. Naituma kwa kuwa stempu ilikwisha kubandikwa, lakini tafadhali usiichapishe. Naifuta yote, isipokuwa fungu la Bunge.

Jana ilikuwa Jumapili. Nilimwacha Garth na simu yake, nikazunguka pembe ya nyumba. Katika miaka yote ya ujirani wetu sikuwa nimeingia jikoni kwa Lorna ila kufuata barafu. Hakuuliza nimefuata nini. Alinionyesha kiti, akanipa kisu na matango mawili. Merrick alikuwa upande wa pili wa meza akimenya viazisukari vyekundu, mikono myekundu kwa maji yake mpaka kwenye vifundo, na alinitazama usoni.

"Na wewe, Alwyn," alisema. "Hujambo kweli?"

Tango la kwanza nililikata lote bila kumjibu. La pili lilipofika katikati, nikaanza kusema.