Mwezi wa Kwenda Kisiwani, kwa Hesabu ya Abudu

Jumatatu, 3 Februari 1975

Mteja! Mteja wa kweli, wa kwanza tangu Krismasi kuulizia ndege badala ya chumvi.

Hajati Aminah, mke wa Kanali. Kanali yule wa kamati ya maduka: kalamu yake inatoa duka, kalamu yake inanyang'anya. Hajati akapita moja kwa moja hadi kwenye picha kubwa ya ukutani. Kisiwa. Mchanga mweupe, maji ya buluu, mnazi umeinama kama mlevi anayetafuta kiatu. Chini imeandikwa Karibi. Akasema mume wake kamwahidi likizo, naye anataka pale pale, penye mti ule. Swali lake moja: mwezi gani mzuri kwenda? Anataka jua, hataki tope. Jibu kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa Kanali anakula nyumbani.

Nikamwambia Hajati, hilo ni jambo la kitaalamu. Niachie nipige hesabu.

Ukweli nauandika hapa tu: sijui kitu. Wahindi walipofukuzwa na maduka yakagawiwa, niliomba bucha. Nina mikono ya bucha. Nina sauti ya bucha. Nilianza kwa kuuza karanga za kukaanga Port Bell, bandari ya ziwani hapa Kampala, nikapanda nikawa na lori langu mwenyewe, hakuna aliyenishika mkono. Bucha ingekuwa haki yangu. Wakanipa ofisi ya safari za ndege, pamoja na Bibiane mpiga chapa, viti vya kuzunguka na picha ya mnazi. Otim, sajini mstaafu wa polisi, asiyejua hata saizi ya mguu wake, wakampa duka la viatu mlango wa pili. Mpaka leo dirishani kwake kuna vya mguu wa kushoto tu. Mtaani wanatuita mafuta mingi, matajiri wa kugawiwa. Mafuta yako wapi? Nauza chumvi na sabuni nyuma ya kaunta ili nyumbani wale.

Lakini Hajati akifurahi, Kanali atafurahi. Kanali akifurahi, bucha!

Na asipofurahi? Otim ameshapima ukuta wangu kwa hatua. Nimemwona.

Jumanne, 4 Februari

Otim kasikia. Otim husikia kila kitu, ukuta wetu ni wa mbao. Akaja eti kuazima sukari. Sukari, mwaka huu! Akasema, Abudu bwana, mwambie mama yule Desemba. Kwao Gulu mvua ni moja, inaanza Aprili, inachoka Novemba, halafu kavu mpaka vumbi linaingia kwenye meno. Na kisiwa kile kiko kaskazini kuliko Gulu. Kwa hiyo kitakuwa vile vile, ila zaidi.

Nikamuuliza alisoma wapi mambo hayo. Akasema analima.

Nikamwambia Gulu haina bahari. Akasema na Kampala nayo haina. Nikamwambia achukue sukari aende.

Hesabu yangu sasa, ya mtu aliyejifundisha mwenyewe. Mwaka una miezi kumi na miwili. Mvua Kampala: Machi, Aprili, Mei. Tena Septemba, Oktoba, Novemba. Nusu ya mwaka imekwenda na maji. Januari imepita. Februari hii hawawahi. Juni vumbi. Julai asubuhi ni baridi, Bibiane huja kazini na sweta mpaka saa nne. Desemba naifuta kwa sababu Otim kaitaja.

Imebaki nini? Agosti! Safi kabisa. Hesabu haina ukabila.

Jumatano, 5 Februari

Nimempelekea Hajati jibu. Agosti! Akapiga makofi. Akaniuliza kama nimewahi kufika. Nikasema, Hajati, visiwa navijua. (Nimefika Kalangala, Ziwa Victoria. Nilitapika kwenda na kurudi. Kisiwa ni kisiwa.)

Nikaingiza neno la bucha, taratibu, kama mtu anayeuliza habari za watoto. Hajati akasema Kanali anapenda nyama. Wallahi, ishara!

Nyumbani Nakawa nimemwambia mke wangu aanze kufikiria rangi ya aproni. Kaltumi akauliza rangi ya nini. Hana maono.

Jumamosi, 8 Februari

Jana Kanali kala, kasikia, kakubali Agosti. Dereva wa Hajati kaleta habari. Nikampa mche wa sabuni. Leo nimepita mbele ya duka la Otim mara kadhaa bila haja. Nikamuuliza kwa sauti kama vya mguu wa kulia vimefika.

Jumatatu, 10 Februari

Nimekwisha.

Bibiane anasali Lubaga. Jana baada ya misa akamuuliza Padri Anselme kuhusu Agosti yangu. Nani alimtuma? Akasema, banange, jamani bosi, nilitaka kukusifia tu. Padri huyo alifundisha kwenye visiwa hivyo hivyo kabla ya kuletwa Uganda. Basi Padri akacheka mpaka akashika benchi. Agosti! Agosti ndipo vimbunga vinapokolea. Mwaka mmoja upepo ulibeba paa la shule yake, likakutwa parokia nyingine. Mbuzi wake hakukutwa kabisa.

Nikamuuliza Bibiane, kwa sauti ndogo, mwezi mzuri basi ni upi. Akasema kuanzia Desemba.

Ukuta wa mbao ukakohoa.

Nimewaza mchana kutwa. Nikafumba macho nikamwona Kanali akipaa, kofia mkononi, mnazi nyuma yake. Asiporudi, watu wake watanifuata. Akirudi, atanifuata mwenyewe. Na watu wanaofuatwa siku hizi huwa hawaonekani tena wakinunua mkate.

Kaltumi kasema, si umwambie tu Hajati ulikosea? Mwanamke huyu ananipenda lakini hanielewi. Nikitamka Desemba, ofisi ni ya Otim kesho yake.

Dawa: Hajati mwenyewe aikatae Agosti. Kwa hiari yake. Kwa sababu nyingine kabisa.

Jumanne, 11 Februari

Mpango mzuri kuliko yote niliyowahi kupanga.

Nimeenda kwa Hajati na sura ya msiba. Nikamwambia nazungumza kama ndugu. Nimepeleleza zaidi. Huko kisiwani ikifika Agosti kuna sherehe. Wanawake wanajaa ufukweni, na nguo zao, Hajati, nisamehe, ni za kutosha kufuta miwani tu. Sisi hapa mini imepigwa marufuku. Huko mini ingekuwa kanzu!

Hajati akasema astaghfirullah. Akaomba maji.

Nikarudi ofisini nikipiga mluzi. Agosti imekufa. Nitasubiri kidogo, kisha nitagundua mwezi mwingine mwenyewe.

Jumatano, 12 Februari

Hajati kaingia kabla Bibiane hajavua hata kitambaa cha kichwa. Kapiga kaunta mpaka chumvi ikamwagika.

Kumbe jana alimweleza Kanali neno kwa neno. Hata miwani! Kanali akasikiliza kwa makini, akaweka kijiko chini, akasema, basi wewe mke wangu mambo hayo hayakufai. Nitakwenda peke yangu.

Peke yake! Agosti!

Nikasema labda anatania. Hajati akasema anatania vipi, na yeye Hajati ameshaanza kumpigia pasi mashati ya safari? Aende! Aende akafute miwani! Na wewe Abudu, wewe uliyemwonyesha njia, tutaonana. Akatoka.

Bibiane akasema pole bosi. Otim akachungulia mlangoni, akauliza kama viti vyangu vya kuzunguka vinauzwa. Eti anauliza tu.

Sikula. Kaltumi kaniwekea chakula, kakiondoa, kakirudisha. Nikamwambia lori aliandikishe kwa jina lake. Akaenda kutafuta kadi ya lori. Sasa ameelewa.

Alhamisi, 13 Februari

Nilidhani sitaandika tena. Ila naandika! Mkono upo!

Asubuhi Peugeot ikasimama mlangoni. Kijana wa miwani myeusi akashuka. Wewe ndiyo Safari? Kanali nataka wewe. Panda. Nikamuuliza, kwa heshima, nipande mbele, nyuma, au nyuma zaidi. Akacheka. Kicheko hicho sikukipenda. Bibiane akafanya ishara ya msalaba. Otim, namwandikia haki yake, akavua kofia.

Tukapita Nakawa. Nikamwona Kaltumi wangu sokoni akibishania ndizi. Nilitaka kugonga kioo, nikaona aibu. Gari halikusimama. Likashika njia ya Port Bell. Njia ile ina miisho miwili tu, gereza na ziwa, na miaka hii hata ziwa si jibu la kufurahia. Likafika pale pa kukunja kwenda gerezani. Nikasoma kila dua ninayoijua, na nusu ya moja ya Bibiane.

Likapita!

Kanali alikuwa ameketi karibu na maji, viatu amevua, anakula samaki, ngege mzima wa kukaanga. Nyuma yake mabehewa ya treni yanaingizwa kwenye feri, kelele tupu. Akamfukuza dereva. Akasema kaa. Nikakaa chini. Akasema kwenye kiti, we mtu.

Kisha akauliza polepole: Safari, huko Agosti kuna nini hasa?

Nilichoka. Uongo ulikuwa umeniishia. Nikamwambia yote, macho nimefumba. Vimbunga, afande. Paa la shule. Mbuzi wa Padri.

Akaacha kutafuna. Akauliza, ndege zinaruka? Hazithubutu, afande. Simu? Zinakatika. Kwa hiyo mtu mzima mwenye akili hawezi kwenda? Hawezi, afande.

Nikafumbua jicho moja. Kanali anatabasamu! Kanali anashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia!

Akaniambia mambo ambayo sikutaka kuyasikia, lakini nani anamkataza Kanali? Kwamba mwenzake mmoja alikwenda ng'ambo kutibu meno. Aliporudi na meno mapya, kiti chake ofisini kilikuwa na mtu, na picha za watoto wa mtu huyo ziko mezani. Siku hizi, Safari, hakuna anayeinuka kitini. Likizo alimwahidi mke ili apate kulala. Na kusema atakwenda peke yake ilikuwa ujanja wake: mke akasirike, amkataze, mambo yaishe. Badala yake anapigiwa pasi mashati! Yako tayari mashati yote!

Nikamtazama kwa heshima mpya. Mtu wa mipango, kama mimi.

Akauliza, Desemba je? Nikamkumbuka Otim. Vimbunga, afande. Machi? Vidogo, afande, vile vya kuumiza macho. Akasema kwa hiyo ni mwaka mzima. Nikasema ni kisiwa kibaya sana, afande, sijui kwa nini wanakipiga picha.

Akanisogezea mkia wa samaki. Sijawahi kula kitu kitamu namna ile. Nikajipa moyo, nikataja bucha. Akafuta mikono, akasema hapana, bucha watu wengi wanaweza. Mtu wa kuwazuia wake zetu wasisafiri ni wewe peke yako. Utabaki pale pale.

Haki iko wapi? Lakini dereva kanirudisha mpaka mlangoni. Nimemshika Kaltumi mkono mbele ya majirani. Akauliza nina homa.

Ijumaa, 14 Februari

Baada ya swala nimekwenda kwa Hajati na habari za vimbunga, mwaka mzima, ndege hazitui. Nilitegemea kikombe kirushwe. Akakaa chini akasema alhamdulillahi! Kumbe ndege anaiogopa kuliko jini. Alichotaka ni kumfunga mdomo shoga yake aliyerudi kutoka London na masanduku, basi. Na sasa mume habanduki.

Akaiomba ile picha. Bibiane kaikunja. Jioni imeshatundikwa sebuleni kwa Kanali, juu ya kochi, na mpiga picha kaitwa. Hajati kakaa chini ya mnazi, miwani ya jua usoni. Ukiangalia haraka, kafika.

Otim hakukubali. Akamfuata Hajati barabarani kumwambia Desemba ni salama kabisa. Hajati akamuuliza, Sajini, wewe umefika? Akasema hapana. Hajati akasema basi muachie Abudu, yeye visiwa anavijua.

Nimeyasikia kwa masikio yangu. Nimelala kama mtoto.

Jumatatu, 17 Februari

Amani. Kikaratasi alichoandikia vipimo vya ukuta wangu nimekiona kwenye taka za Otim. Hata kalenda nimeipenda leo.

Saa nne kaingia Mama Filda, mke wa Meja. Kaiona picha sebuleni kwa Hajati na usingizi umemtoka. Yeye jua hataki, jua tunalo. Anataka theluji. Anataka kwenda London aishike kwa mkono wake, apigwe picha nayo. Swali lake moja: mwezi gani?

Bibiane akaanza kusema kitu kuhusu Padri Anselme. Nikamtuma akanunue bahasha. Nyuma ya ukuta wa mbao mtu akakohoa, akakohoa tena, kwa kusudi. Nikagonga mbao nikamwambia anywe maji.

Sikuhitaji hata kalamu. Mwezi wa baridi kuliko yote ni upi? Ule ambao Bibiane anakuja na sweta.

Nimemwambia Julai, na asisahau soksi nzito. Kafurahi mno. Na Meja, kumbe, naye yumo kwenye kamati ya maduka.

Nimemwambia Kaltumi aproni iwe nyeupe.