Plagi Nne za Gari la Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Baba mkwe amekubali hatimaye kwamba macho yake hayafai tena barabarani. Jana, baada ya chakula, alitangaza kuwa haendeshi tena. Jumamosi saa nne ana miadi na daktari wa macho, mji wa jirani. Anataka kwenda kwa gari lake mwenyewe, angali anauona usukani. Lakini gari ni kuukuu kuliko mke wangu, na siku hizi linakohoa na kuzimika njiani. Plagi tu, alisema. Mkwe atakayelitia plagi zinazofaa na kumfikisha kwa daktari bila injini kuzima, gari ni lake.

Wakwe tuko wawili. Mimi, fundi wa vioo vya madirisha, na mwanyumba wangu, aliyemwoa dada mkubwa wa mke wangu. Yeye ni karani wa masjala. Hutoboa risiti ya mkate akaitia kwenye faili. Namwita Faili, na hata mkewe nimemsikia akiteleza mara moja. Miaka tisa mimi nimekuwa mkwe anayefika kwa miguu, suruali imejaa vumbi mpaka magotini, huku Faili akiteremka kwenye gari la ofisi kama balozi. Gari hilo nalitaka.

Faili aliomba papo hapo kitabu cha maelekezo ya gari, akakikumbatia kifuani. Kitabu! Mimi sikuomba kitu. Anayejua hasomi.

Njiani kurudi mke wangu aliuliza kwa nini nisimuulize baba yake ni plagi gani. Nilicheka. Nilimweleza kwamba huo ni mtihani, na mtu haendi kuomba majibu kwa aliyeutunga. Alisema kwa watoto anaowafundisha hesabu, wanaouliza ndio wanaofaulu. Hesabu ni hesabu, gari ni gari.

Jumanne, 5 Machi

Hatua ya kwanza: kumnyima adui habari. Nimetoroka kazini mapema, nikaingia kwenye banda la Mzee, baba mkwe, nikafungua plagi zote nne na kuzificha kwenye kopo langu la puti ya kubandikia vioo. Sasa Faili hana cha kunakili. Zina namba ubavuni, nilizigusa kwa kidole chini ya masizi. Sikuzisoma. Namba ni ugonjwa wa makarani.

Kisha duka la spea. Muuzaji ni bwana mnene asiyeinuka kwenye kigoda chake, mwenye maswali mengi kuliko bidhaa. Gari gani? Injini gani? Plagi za zamani umekuja nazo? Nikamwambia nimekuja kununua, sijaja kushtakiwa. Nikataka anipangie plagi mezani nichague mwenyewe. Nikachagua ndefu kuliko zote, zinang'aa kama vijiko vya wageni. Akili ya kawaida tu: plagi ndefu inaufikisha moto katikati ya injini, fupi inauacha mlangoni.

Muuzaji akasema uzi wa kufungia plagi ukizidi urefu, ncha itakutana na pistoni. Nikamjibu zikikutana zitajuana. Alinitazama kidogo, akarudi kwenye chai yake.

Jumatano, 6 Machi

Zimekutana.

Nilizifunga asubuhi, nikakaa kwenye usukani, nikazungusha ufunguo kwa mkono mwepesi kama mwenye gari. Ko, ko, ko, ko! Mzee, aliyekuwa amekaa barazani, akauliza nani anabisha hodi. Nikasema ni upepo. Nikajaribu tena. Ko, ko, ko! Safari hii Mzee akasema upepo huo uzitoe plagi hizo kabla haujatoboa pistoni.

Na nani alikuwa amesimama mlangoni mwa banda muda wote huo? Faili, na kalamu yake mfukoni. Nilizitoa plagi mbele yake. Ncha zote nne zimelala bapa kama zimekanyagwa. Akaniuliza, kwa ile sauti yake ya kaunta, kama ningependa jambo hilo liandikwe kwenye kumbukumbu. Mtu asiyeweza kutofautisha spana na kijiko! Pistoni ni nzima, lakini hilo hakuna aliyenipongeza.

Alhamisi, 7 Machi

Mkakati mpya. Kama karani anaweza kusoma kitabu, hata mimi naweza, mradi asijue.

Nimekwenda kwa Faili kama fundi, kukagua madirisha ya jikoni. Shemeji alishangaa, akasema madirisha yao hayana tatizo. Nikalipa moja tatizo kwa kiwiko. Alipokwenda kutafuta ufagio, nikaingia sebuleni. Faili alikuwa bafuni anaimba, na anaimba vibaya. Kitabu cha gari kilikuwa mezani, kimevalishwa jalada la plastiki na kubandikwa karatasi yenye jina lake. Jina lake, kwenye kitabu cha gari la Mzee! Nikapiga picha ukurasa wa plagi kwa simu, nikatoka na futi yangu mkononi kama mtu mwenye shughuli.

Dukani nikamsomea muuzaji namba bila kupepesa macho. Akasema ajabu, kuna karani alinunua hizohizo jana, na yeye alipomuuliza injini ni ipi, karani akamwambia afuate maandishi. Nikasema nami nafuata maandishi. Akatikisa kichwa. Sijui kwa nini watu wa spea wana huzuni namna ile.

Ijumaa, 8 Machi

Tulikutana kwenye banda, mimi na Faili, kila mtu na kiboksi chake. Viboksi pacha. Akaniuliza namba nimeijuaje. Nikasema uzoefu. Akaniuliza kama dirisha lake la jikoni nalo limevunjwa na uzoefu. Nikasema vioo vya siku hizi ni dhaifu.

Sasa ugomvi: zitiwe za nani? Zikiingia zangu, gari ni langu. Zikiingia zake, ni lake. Tulibishana saa nzima juu ya plagi zilizotoka kwenye rafu moja. Mwisho tukaafikiana ziingie mbili zake na mbili zangu, na kila mtu aendeshe nusu ya majaribio. Faili aliandika mkataba. Nilitia sahihi juu ya boneti.

Injini iliwaka! Ilikohoa, ikatetemeka, lakini iliwaka. Faili akaendesha hadi kona, amekakamaa kama anapigwa picha ya pasipoti. Pale pale konani ikazima. Ikakataa kabisa. Tukafungua: plagi nne nyeusi tii, zimelowa petroli. Nikamwambia zake zimeziambukiza zangu. Akasema zangu zimeanza.

Tukalisukuma kurudi, mbele ya foleni nzima ya duka la mikate. Mzee alikuwa getini, mkono sikioni, akisubiri kusikia injini. Alichosikia ni wanaume wawili wakihema. Akaingia ndani. Hilo liliniuma kuliko mgongo.

Jumamosi, 9 Machi

Nilifika saa moja asubuhi na brashi ya waya, nia yangu kuzisugua zile mbili zangu na kuziacha za Faili na masizi yake. Faili naye amefika na brashi. Mke wangu alikuwa ametutangulia, amekaa barazani kando ya baba yake, ambaye alikwisha vaa koti na kofia ya safari.

Akamuuliza tu, kama mtu anayeuliza saa. "Baba, gari lako linatumia plagi gani?"

"Injini hii si ya gari hili," Mzee akasema. "Ya kwanza ilikufa. Hii niliitoa kwenye gari jingine, nikaifunga kwa mikono yangu mwenyewe, mwaka wa kumi na moja huu. Kitabu hakiijui. Namba iko kwenye zile plagi za zamani."

"Mbona hukuwaambia?"

"Hawakuniuliza, mwanangu. Nimekaa hapa wiki nzima."

Faili alikuwa anakagua kifuniko cha kalamu yake. Mke wangu akaninyooshea mkono, kiganja juu. Ndoa ya miaka tisa, hahitaji maneno. Nikaenda kuleta kopo la puti.

Aliifuta plagi moja kwa pindo la mtandio, akasoma namba, akaenda dukani na plagi yenyewe mkononi. Robo saa, amerudi na nne. Nikajitolea kuzifunga. Akasema nikae. Mzee akavuta kigoda karibu na gari akawa anamwelekeza kwa kusikiliza: zungusha kwa vidole kwanza mpaka igome, sasa spana, nusu mzunguko, basi, usiikaze kwa hasira. Mke wangu akawasha. Injini ikaimba mara moja, sauti moja, bila kikohozi. Mzee akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha pale muda mrefu, akitabasamu.

Nilijiona mjinga. Naliandika hapa kwa sababu daftari hili halina mdomo.

Mke wangu ndiye aliyeendesha. Mzee alikaa mbele, mimi na Faili nyuma, brashi mbili mapajani. Tulifika robo saa kabla ya miadi. Mlangoni kwa daktari Mzee akamwambia bintiye abaki na ufunguo, akampa na kadi ya gari, akaingia.

Jumapili, 10 Machi

Nimelala, nimeamka, nimetafakari. Nani aliyezihifadhi plagi za zamani? Mimi. Zingebaki kwenye injini, Faili angezitupa siku ya kwanza na leo namba isingejulikana. Ukilipima jambo kwa haki, gari limepatikana kwa ujuzi wangu. Nilimweleza mke wangu hivyo. Akaniuliza dirisha la dada yake naenda kulitengeneza lini.

Mchana Faili akaja hapa nyumbani kwangu. Miaka tisa hajawahi kukanyaga. Akakaa ukingoni mwa kiti, akashusha sauti, akasema jana kule nyuma aligundua jambo: injini iko kimya mno. Nilishtuka. Hata mimi niligundua! Injini yenye afya husikika. Tatizo ni kabureta, hakuna jingine. Yeye ana ukurasa wa kabureta, ameutoa nakala kwenye kitabu cha gari. Mimi nina bisibisi. Kesho mke wangu atakuwa darasani mpaka saa nane, gari litakuwa uwanjani mwa shule, na mlinzi wake nilimwekea vioo mwaka jana, hatatuzuia.

Faili, kwa utaratibu tu, aliuliza kama tumshauri Mzee kwanza. Tukatazamana, tukacheka mpaka machozi yakatutoka. Mzee apumzishe macho. Injini ina wakwe zake.