Safari Moja na Nusu ya Kabichi

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Wiki tatu tangu harusi! Gathii wangu bado ananiamsha kwa chai. Leo alikumbuka hata sukari. Kitale nzima hakuna mwanamume kama yeye, na ni wangu.

Kisha moyo ukavunjika. Gathii huendesha pikapu ya baba yake, Mzee Muchiri, kupeleka kabichi Chwele, Lugulu na Bokoli. Leo Mzee alitangaza mezani kwamba amepata stoo Bungoma, na mmoja wa wanawe atahamia huko kuisimamia. Ama Gathii, ama kaka yake Wanyoike. Atamtaja Jumapili, akishaona jinsi kazi ya wiki hii inavyokwenda.

Bungoma! Gathii alale Bungoma, mimi nibaki hapa nikikumbatia mto! Joan, mke wa Wanyoike, alinitazama akatabasamu. Nyoka.

Gathii haendi. Nitatumia akili.

Jumanne, 9 Septemba

Nimekumbuka linia programing! Ile hesabu ya Kidato cha Nne. Safari za Chwele unaziita x, za Lugulu na Bokoli unaziita y. Unachora mistari ya masharti yako, na kona moja ya grafu inakupa jibu bora kuliko yote. Nilimwambia Mzee makampuni yenye malori hupanga safari hivyo, na kwamba mafuta yatapungua. Mzee huheshimu chochote chenye grafu. Akasema sawa, wiki hii nipange mimi.

Wanyoike alicheka hadi chai ikamtoka puani. Ati, shemeji, kabichi inajua x? Nikamjibu kabichi haihitaji kujua. Joan akauliza kwa upole nilipata gredi gani ya hesabu.

Watu wengine hawakulelewa.

Jumatano, 10 Septemba

Nimechora! Karatasi sikuwa nayo, nikatumia mgongo wa ile ya maua iliyofunga zawadi yetu ya blanketi. Masharti: mafuta yasipite kiwango cha Mzee. Pikapu isizidishe uzito. Lugulu na Bokoli wasikose mzigo wao. Na sharti moja nimelitia mwenyewe, kimyakimya: dereva awe nyumbani kila siku kwa chakula cha mchana. Ukiondoa mapenzi, hesabu inabaki na nini?

Kona ikajitokeza, nzuri, kali kama sindano. Lugulu na Bokoli, safari mbili. Chwele, safari moja na nusu.

Mwalimu Jepkoech aliwahi kutuambia jambo fulani kuhusu namba kamili. Siku hiyo nilikuwa nachora mioyo pembeni mwa daftari.

Gathii aliuliza kama nusu maana yake ni nusu ya mzigo. Nikamweleza kwamba mzigo una mstari wake. Hapa tunahesabu safari, na nusu ya safari ni nusu ya barabara. Akasema, lakini mpenzi, nusu ya daraja humvusha nani? Nikambusu. Akaacha kuuliza.

Alhamisi, 11 Septemba

Siku ya soko Chwele. Siku yangu!

Alfajiri Gathii alipeleka safari ile nzima, akarudi salama. Akapakia tena, akaenda ile nusu. Alipofika Kamukuywa akatazama mita, akaona barabara imegawanyika sawasawa. Akashusha kabichi zote kando ya lami, akageuza pikapu, akarudi. Saa saba kamili alikuwa mezani! Kuku, chapati, na macho yake. Nililia kidogo.

Tulikuwa bado tunanawa mikono simu ya Mzee ilipolia. Ni Nimo, mwenye hoteli pale Chwele, mteja wetu mkubwa kuliko wote. Hakuhitaji spika, boma zima lilimsikia. Ati sufuria iko kwa moto na kabichi yake iko wapi? Mzee akamwambia iko njiani. Akauliza njiani wapi bana, kwa vile ameongea na mtu wa boda aliyetoka Kamukuywa, na huyo anasema ameona mbuzi wakila kabichi kama wako harusini.

Wanyoike akaruka. Alikodi bodaboda za Kamukuywa zote, kabichi zilizobaki zikafika Chwele zimefungwa nyuma kama abiria. Ati sasa yeye ndiye shujaa. Kwa kuchezea mafuta ya watu!

Ijumaa, 12 Septemba

Mahakama. Mzee alitandika grafu yangu mezani, maua chini. Joan akainama, akaweka kidole kwenye mstari wangu wa chakula cha mchana. Huu ni wa nini, bibi harusi? Akasema ukiufuta huu, Chwele inapata safari mbili nzima na mafuta yanabaki. Kwa hivyo, akasema, tusiwalaumu mbuzi. Mstari ndio uliokula kabichi.

Nilisimama. Nilisema huo ndio mstari muhimu kuliko yote. Nilisema Gathii akikosa chakula cha mchana hapa Kitale hawezi kazi, afya yake inaisha, na grafu imethibitisha. Mzee akamgeukia mwanawe. Ni kweli huwezi kukaa mbali na hapa mchana? Gathii alinitazama, akatazama viatu vyake, akasema ndiyo, Baba.

Mzee akakunja grafu. Akasema basi, hesabu imesema.

Nimeshinda! Joan hata hakutabasamu. Alionekana kunihurumia. Wivu una sura nyingi.

Jumapili, 14 Septemba

Baada ya kanisa Mzee akatangaza. Bungoma wataenda Wanyoike na Joan.

Na Joan?

Mama mkwe, Nyaruai, akaeleza huku akijipangusa macho. Nyuma ya stoo kuna nyumba. Vyumba viwili, maji ndani, baraza inayotazama barabara. Mzee alikuwa ameshaichagua kwa ajili yetu maharusi. Mapazia ya waridi alishona mama mkwe mwenyewe, kwa sababu aliniona nikipenda waridi. Walikuwa wakingoja tu wiki iishe ili iwe zawadi. Lakini sasa, na hii afya ya Gathii ya mchana...

Joan akaniuliza kama kweli nilidhani mume hupelekwa peke yake kama gunia. Nikasema sikudhani chochote. Hilo aliliamini.

Pikapu nayo amepewa Wanyoike, ataiendesha akitokea Bungoma. Gathii atabaki kwenye stoo ya hapa Kitale, akichambua viazi vilivyooza. Alitoka nje. Mimi nililia mbele ya watu. Niliwaambia ni machozi ya furaha.

Jumanne, 16 Septemba

Gathii sasa yuko nyumbani kila mchana! Tunakula watatu, mama mkwe katikati. Gathii ananuka viazi na haongei, ila nilimsikia akishusha pumzi mara mbili. Mapenzi yakizidi humfanya mtu awe hivyo.

Leo nimeona jinsi jiko la mama mkwe linavyopoteza kuni. Nimemwambia asijali, nitampangia mapishi yote kwa linia programing, tayari nimeshachora mistari minne. Aliondoka. Sasa hivi nimemsikia akifunga jiko kwa kufuli.

Anaogopa nisije nikaungua. Jamani, familia hii inanipenda!